Chamonix kwa Mfuko Mwembamba: Namna ya Kuufaidi Mji wa Mont Blanc

Mlima Kilimanjaro una geti. Mgeni anayetoka nje hulipa kiingilio cha hifadhi kwa kila siku atakayokaa mlimani, huajiri mwongozaji na wapagazi kwa sababu ndio utaratibu, na mara nyingi hesabu nzima hupita dola 1,500. Aliyezoea hesabu za namna hiyo akisikia habari za Chamonix, mji ulio chini ya Mont Blanc huko Ufaransa, hudhani bei yake itamtisha zaidi, maana Ulaya kila kitu kina bei.

Chamonix haina geti. Njia za miguu ni bure, hakuna kiingilio, na huhitaji kuajiri mtu ili utembee njia za kawaida. Ukitoka mlangoni pa hosteli, baada ya dakika chache tu uko msituni na unapanda. Kinachomaliza pesa za wageni ni mambo matatu: kulala katikati ya mji, kula mgahawani, na kubebwa na mashine kwenda juu. Ukiyadhibiti hayo, unabaki na mlima wenyewe, nao ni wa kila mwenye miguu na pumzi.

Nimeandika nikimfikiria mwanafunzi aliyeko Lyon, Mkongomani wa Brussels, mama anayefanya kazi Geneva, na pia yule aliyetumwa Geneva kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa akabakiwa na siku tatu nne kabla ya ndege ya kurudi Nairobi au Dar es Salaam. Watu hawa hupita karibu kabisa na Alps, wakaiona milima kwa dirishani, wakarudi nyumbani. Nasikitika kila ninapolisikia hilo, kwa sababu safari yenyewe inawezekana.

Hatua ya kwanza: chagua majuma yako

Chamonix iko mita 1,035 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mont Blanc kiko mita 4,800 na ushee. Kwa hiyo mjini panaweza kuwa na joto la kuvaa fulana huku njia za juu bado zimefunikwa na theluji. Kwa mtu asiye na vifaa vya theluji na asiyetaka kutumia pesa nyingi, wakati mzuri kuliko wote ni Septemba, kuanzia juma la kwanza hadi mwezi unapokaribia kwisha. Watoto wa Ulaya wamerudi shule, bei za vitanda zimeshuka, kebo (vibanda vinavyoning'inia kwenye waya na kupandisha watu mlimani) bado zinafanya kazi, na ngurumo za mchana zimepungua.

Mwisho wa Juni nao unafaa. Siku ni ndefu mno, jua linazama kama saa tatu na nusu usiku, ila kwenye miteremko yenye kivuli iliyo juu ya mita 2,000 theluji inaweza kuwa bado haijayeyuka. Katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti mji unajaa. Juma la mwisho la Agosti ndilo la kuogopa zaidi kwa mwenye pesa kidogo, kwa sababu kuna UTMB, mashindano ya mbio za milimani yaliyoanza mwaka 2003 ambayo siku hizi huleta wakimbiaji kama 10,000, na kila mmoja ana ndugu na marafiki wanaotaka pa kulala. Kuyatazama ni bure na yanasisimua kweli, lakini kitanda utakitafuta miezi mingi kabla.

Mei na Novemba utapata vyumba vya bei ya chini, ila kebo nyingi zimefungwa kwa matengenezo na maduka kadhaa yamefunga. Majira ya baridi ni habari nyingine: tiketi za kuteleza kwenye theluji na kukodi vifaa hula mfuko haraka, na Februari, shule za Ufaransa zikifunga, bei hupanda kuliko kawaida. Kama hujawahi kuja, anza na kiangazi.

Hatua ya pili: fika bila kulipa teksi

Kutoka Geneva ni kama kilomita 90. Mabasi ya masafa marefu huondoka uwanja wa ndege na stendi ya mjini, hutumia kama saa moja na nusu, na ukikata tiketi majuma mawili matatu kabla mara nyingi utapata nauli kati ya euro 15 na 25. Ukisubiri siku ya safari, huenda ukalipa mara mbili yake. Gari ndogo zinazochukua watu uwanjani na kuwashusha hotelini zinafaa familia yenye mizigo. Mtu mmoja mwenye begi la mgongoni hazimhitaji.

Treni ipo pia: Léman Express kutoka Geneva hadi Saint-Gervais, halafu unabadilisha na kupanda treni ndogo nyekundu ya mlimani mpaka Chamonix. Ni safari ndefu kuliko basi, lakini kile kipande cha mwisho, treni ikikwea bondeni huku miamba ikiwa juu ya kichwa chako, kinatosha kuwa sababu ya kuichagua angalau kwa upande mmoja. Kutoka Lyon kuna mabasi ya moja kwa moja, na wenyeji wengi husafiri kwa kuchangia gari la mtu anayeelekea huko, wakipatana kupitia programu ya simu.

Mambo mawili ya mpakani. Kwanza, Geneva ni Uswisi na Chamonix ni Ufaransa. Nchi zote mbili zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha, ila tembea na pasipoti yako mwenyewe, si nakala yake, kwa kuwa askari wanaweza kuingia ndani ya basi. Pili, huko mbele ni euro. Usibadilishe pesa zako zote kuwa faranga za Uswisi kisha ukaja kupunjwa ukizibadilisha tena.

Hatua ya tatu: lala nje ya katikati, ndani ya bonde

Bonde la Chamonix ni mlolongo wa vijiji vilivyoshonwa na reli moja na barabara moja. Kutoka chini kwenda juu kuna Servoz, Les Houches, Les Bossons, Les Pèlerins, mji wenyewe, Les Praz, Argentière, na mwisho kabisa Vallorcine karibu na mpaka wa Uswisi. Vitanda vya mjini ndivyo ghali. Ukisogea kijiji kimoja au viwili, bei inapungua, na mlima unauona vizuri zaidi.

Hapa ndipo penye siri ambayo kila mwenye bajeti ndogo lazima aijue. Kila mgeni anayelala bondeni hulipa kodi ndogo ya malazi, na kwa kuilipa anastahili kadi inayoitwa carte d'hôte. Kadi hiyo inakupandisha bure mabasi ya bonde na treni kati ya Servoz na Vallorcine, siku zote za kukaa kwako. Hata mwenye hema kambini anaipata. Wapokezi wengine husahau kuitoa, basi iombe mwenyewe unapojiandikisha, kabla hujapanda chumbani. Kwa sababu ya kadi hii, chumba cha bei poa kilichoko Sallanches au Le Fayet, nje ya mipaka hiyo, kinaweza kukugharimu zaidi kuliko cha Argentière ukishajumlisha nauli.

Tafuta vitu vya aina tatu. Cha kwanza ni hosteli za vijana, ambako watu wazima wanapokelewa vilevile. Zipo pia nyumba za wapanda milima ziitwazo gîte, zenye mabweni ya vitanda vya ghorofa, choo cha pamoja na watu wanaoamka alfajiri. Kitanda cha bweni mara nyingi ni euro 30 hadi 45 kwa usiku. Cha tatu ni kambi za mahema, ambazo ziko kadhaa bondeni, na mtu mmoja na hema lake hulipa karibu euro 20. Ukichagua hema, jua kwamba hata Julai usiku wa bondeni ni wa kama nyuzi 10, na pengine chini yake, kwa hiyo blanketi jepesi la ndege halitakusaidia.

Kabla ya kulipia chochote uliza swali moja: kuna jiko la wageni? Kitanda cha euro 35 chenye jiko ni nafuu kuliko cha euro 28 kisicho nalo. Sababu yake utaiona kwenye chakula.

Hatua ya nne: vaa mitumba

Tafadhali usinunue nguo za mlimani Chamonix. Barabara ya katikati imejaa maduka ya koti la euro 400, na yanapendeza sana kuyatazama. Kama unatokea Afrika Mashariki, pitia soko la Memorial pale Moshi, au Gikomba jijini Nairobi. Baadhi ya majaketi ya baridi yanayouzwa huko huenda yalivaliwa kwenye milima hii hii kabla ya kufungwa kwenye mabelo, na wapagazi wetu huyavaa mpaka Kibo. Kama tayari uko Ulaya, ingia kwenye maduka ya mitumba ya Emmaüs yaliyoko miji mingi ya Ufaransa.

Unahitaji koti la mvua lisilopitisha maji, sweta zito, suruali inayokauka haraka (jinzi ikilowa haikauki, nayo itakuletea baridi ya mifupa), kofia ya jua na kofia ya sufu, na miwani ya jua. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa kama nyuzi sita na nusu. Jua la juu huko huunguza ngozi nyeusi pia, tena likiakisiwa na theluji huumiza macho. Viatu ndivyo pekee ambavyo ningekushauri uvinunue vipya: vyenye soli ya kushika mwamba, na uvivae nyumbani majuma mawili kabla ya safari.

Hatua ya tano: pika

Mgahawani mjini, sahani moja ya chakula cha jioni mara nyingi itaanzia euro 20. Ukila nje mara mbili kwa siku umemaliza pesa za kulala. Supamaketi ziko mjini na vijijini, na kila Jumamosi asubuhi kuna soko la wakulima kwenye uwanja wa Place du Mont-Blanc, ambako utaonja jibini za huku, reblochon na tomme, kabla ya kununua kipande.

Kuna jambo limenifurahisha tangu nilipoligundua. Savoie, mkoa huu wa milima, watu wake wamekula unga wa mahindi kwa vizazi vingi. Wanauita polenta, na pakiti yake iko kwenye rafu ya kila supamaketi, karibu na mchele. Ni wa njano na una chenga kubwa kidogo. Chemsha maji, mwaga unga kidogo kidogo, songa kwa mwiko wa mbao, na usikate tamaa dakika ya pili unapouona kama uji, maana chenga zinakunywa maji taratibu. Kama pakiti imeandikwa *précuite* unga umeshapikwa nusu, na ugali utaiva ndani ya dakika tano. Funika, punguza moto, acha upumue kidogo. Upande wa pili kaanga kitunguu na nyanya, mimina kopo la sardini au maharage, tia pilipili uliyokuja nayo. Watu wa jikoni watakuuliza hicho ni nini, nao utawakuta wanapika tambi kwa mara ya tatu mfululizo. Sufuria moja inalisha watatu kwa euro chache.

Kwa Waislamu: vyakula maarufu vya huku vinahitaji uangalifu. Tartiflette, ile ya viazi na reblochon, huwekwa vipande vya nguruwe. Soseji za diots ni za nguruwe. Fondue ya jibini hupikwa na mvinyo. Kwenye hosteli sema mapema kwamba huli nguruwe, watakuelewa. Ukijipikia mwenyewe, mayai, dengu, samaki wa kopo na jibini vitakutosha.

Chakula cha mchana kibebe mgongoni: mkate mrefu wa asubuhi, jibini, tufaha, karanga. Mkate huo ni euro moja na senti kidogo. Nyumba za wapanda milima zilizoko juu huuza chakula, ila bei zake ni kubwa, na wana haki, kwani vingine hupandishwa kwa helikopta. Maji jaza bombani. Ni safi, baridi, na hayalipiwi. Penye maandishi *non potable* usinywe. Ukitaka kula mgahawani mara moja kwa heshima ya safari, nenda mchana uagize *plat du jour*, sahani ya siku, na uombe jagi la maji ya bomba, ambalo migahawa ya Ufaransa hutoa bure.

Hatua ya sita: panda kwa miguu

Siku ya kwanza usikimbilie juu. Fuata mto Arve kuelekea ziwa dogo la Gaillands, mwendo wa nusu saa hivi kutoka katikati. Hapo utauona Mont Blanc ukijitazama majini, na pembeni mwamba mkubwa ambako wenyeji hufundisha watoto kukwea kwa kamba. Kaa kwenye majani utazame. Mwili unapata nafasi ya kuzoea kimo, nawe unapata picha nzuri kuliko nyingi za watu waliolipa.

Siku ya pili chukua Petit Balcon Sud, njia inayopita msituni juu kidogo ya bonde, upande unaopigwa na jua. Inapanda na kushuka kwa upole, na kila miti inapofunguka unaona barafu za Mont Blanc ng'ambo. Unaweza kwenda nayo mpaka Argentière, kisha kadi yako ikakurudisha kwa treni. Njia hii inamfaa hata mzazi mwenye mtoto wa miaka saba.

Siku ya tatu panda Montenvers. Watu wengi huenda kwa treni ya meno iliyoanza mwaka 1909, na kwenda na kurudi hugharimu karibu euro 40. Wewe pita nyuma ya stesheni yake, ufuate vibao. Ni kama mita 880 za kupanda ndani ya msitu, saa mbili na nusu hadi tatu kwa mwendo wa pole pole ule wa njia ya Marangu kule Kilimanjaro. Ukitokea juu, mita 1,913, mbele yako kuna Mer de Glace, mto wa barafu mkubwa kuliko yote Ufaransa.

Tulia hapo. Katika karne ya 19 barafu hii ilifika karibu na nyumba za bondeni. Sasa unaitafuta chini kabisa ya shimo refu la mawe ya kijivu, imefunikwa vumbi, hata mtu anaweza asitambue kwamba ni barafu. Kwenye mwamba wa kuteremkia wameweka vibao vya miaka kuonyesha ilikofika. Kile cha 1990 kiko juu sana kuliko barafu ya leo, na waliozaliwa mwaka huo bado ni vijana. Sisi tuliokua tukiitazama theluji ya Kibo ikipungua hatuhitaji kuelezwa maana yake. Kuiona Mer de Glace na macho yako ni sababu tosha ya kupanda, na baranda ya kuitazamia hailipiwi.

Siku ya nne, kama miguu iko sawa na anga ni safi, nenda Lac Blanc. Ni ziwa la mita 2,352 katika hifadhi ya Aiguilles Rouges, ukiwa umetazamana uso kwa uso na safu nzima ya Mont Blanc. Panda treni ya asubuhi hadi Montroc na utembee mpaka Tré-le-Champ, au chukua basi la kiangazi hadi Col des Montets. Kutoka Tré-le-Champ kuna njia yenye ngazi za chuma zilizopigiliwa kwenye mwamba. Anayeogopa kimo asiiguse. Ile ya Col des Montets inazikwepa ngazi hizo ndefu na inapitia maziwa madogo ya Chéserys. Kupanda ni kama mita 900, saa tatu. Ukitoka mapema, utawakuta mbuzi wa milimani wenye pembe zilizopinda wakila karibu na njia, hawana habari na wewe. Kuingia hifadhini ni bure, ila mbwa haruhusiwi.

Vibao vya njiani huandika muda wa kutembea, na mara nyingi muda huo ni wa mtu aliyezoea. Jiongezee robo. Unapopishana na mtu, msalimie *bonjour*. Mlimani huku kila mtu humsalimu mwenzake, kama kwetu. Waswahili wa Kongo, Burundi na Rwanda wana bahati hapo, kwani Kifaransa chao kitawafungulia mazungumzo ambayo mgeni mwingine hayapati.

Hatua ya saba: lipia kitu kimoja tu

Kebo ya Aiguille du Midi, iliyofunguliwa mwaka 1955, hukupandisha kutoka mjini hadi mita 3,842. Tiketi ya kwenda na kurudi inazidi euro 70. Je, inastahili? Kwa maoni yangu ndiyo, kwa masharti mawili: anga iwe wazi kabisa, na uende na kibanda cha mapema asubuhi, kabla ya foleni na mawingu. Kabla ya kulipa, tazama kamera za moja kwa moja za kampuni hiyo kwenye intaneti. Ukiona weupe mtupu, pesa yako ibaki mfukoni. Kituo cha juu kinapita kimo cha Horombo, ambako Kilimanjaro unafika kwa siku mbili za kutembea, nawe hapa umefika kwa dakika 20 hivi. Tembea taratibu, kunywa maji, na kichwa kikianza kuuma au kuzunguka, shuka. Vaa kila ulicho nacho, maana hata Julai huko juu ni karibu na nyuzi sifuri.

Ipo njia ya kati ambayo mimi naipenda zaidi. Kebo hiyo ina kituo cha katikati, Plan de l'Aiguille, mita 2,310 hivi. Kata tiketi ya kwenda tu mpaka hapo, halafu utembee Grand Balcon Nord, njia ya mawe na maua inayokwenda Montenvers kwa kama saa mbili na nusu, kisha uteremke mjini kwa miguu. Umeuepusha mwili na upandaji mrefu, na pesa iliyobaki inanunua chakula cha siku kadhaa. Magoti yakikulalamikia, geuza mpango: panda kwa miguu, shuka na mashine. Katika hali hiyo ijue saa ya kibanda cha mwisho, maana hakimsubiri mtu.

Hatua ya nane: rudi salama

Kila asubuhi pitia Maison de la Montagne, jengo lililo jirani na kanisa katikati ya mji. Kuna taarifa ya hali ya hewa imebandikwa, na ofisi ya ushauri ambako watu wanaoijua milima hii watakuambia bure njia gani ina theluji na ipi imefungwa. Waambie ukweli kuhusu viatu vyako na uzoefu wako.

Julai na Agosti ngurumo huanza mchana. Panga kuwa umeshatoka sehemu za juu ifikapo saa nane mchana, na ukiona mawingu yanajijenga kama minara, geuka hata kama kilele kiko karibu. Usikanyage barafu bila mwongozaji. Juu yake kunaweza kuwa na theluji nyororo na chini yake ufa wa makumi ya mita, na kila mwaka Mont Blanc huua watu.

Namba ya dharura ni 112. Waokoaji wa milimani ni askari wa kikosi maalumu cha PGHM, na huduma yao mlimani hailipishwi, lakini hospitali inalipishwa. Aliyekuja kwa viza ya Schengen tayari ana bima ya angalau euro 30,000, kwa sababu bila hiyo asingepewa viza; aisome kuona kama inahusu kutembea milimani na hadi kimo gani. Helikopta ikija na wewe ndiye mwenye shida, simama na mikono yote miwili juu, kama herufi Y.

Mvua ikinyesha

Vaa koti utembee mjini. Kwenye uwanja wa katikati kuna sanamu ya mwaka 1887: Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, na Jacques Balmat akimwonyesha kilele kwa kidole. De Saussure aliahidi zawadi mwaka 1760 kwa atakayepata njia, na Agosti 8, 1786 Balmat na daktari Michel-Gabriel Paccard wakafika juu. Paccard ana sanamu yake pembeni, peke yake. Makaburini amelala Edward Whymper, Mwingereza aliyeongoza upandaji wa kwanza wa Matterhorn mwaka 1865.

Ng'ambo ya pili ya mlima, kupitia handaki la kilomita 11.6 lililofunguliwa mwaka 1965, ni Courmayeur ya Italia. Wakenya waikumbuke Courmayeur. Waongozaji wawili wa mji huo, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, pamoja na Mwingereza Halford Mackinder mwaka 1899, na barafu mbili za mlima huo zilipewa majina yao, César na Joseph.

Hesabu yenyewe

Chukua usiku nne na siku tano. Kitanda cha bweni cha euro 35 mara nne ni 140. Chakula cha kujipikia, euro 12 kwa siku, ni 60. Basi la Geneva kwenda na kurudi, tuseme 45. Usafiri wa bondeni ni sifuri, kwa sababu ya kadi. Weka 80 kwa ajili ya Aiguille du Midi. Jumla ni euro 325. Ukiiacha kebo inabaki 245. Ukija na hema badala ya bweni, ukaiacha na kebo, unashuka hadi 185, na tofauti ya euro 140 kutoka ile 325 ningeihamishia kwenye kukaa siku mbili tatu zaidi kambini, ili siku ya mvua isikuibie Lac Blanc.